Ugoko Unauma Ukikimbia? Anza na Kidole, Kisha Kigimbi

Msimu wa mbio za hisani ukikaribia, chumba changu cha fiziotherapia hujaa watu wa aina moja. Mtu ameshinda ofisini Posta, Dar es Salaam, mwaka mzima, kajiandikisha kilomita 21, na ndani ya wiki tatu katoka kukimbia Jumamosi peke yake hadi siku tano kwa wiki. Ugoko unawaka moto. Nyumbani wameshamchua na dawa ya misuli juu ya mfupa kabisa, hadi ngozi imechubuka. Jamani, mfupa uliolemewa hauponi kwa kusuguliwa.

Hatua ya 1: Pima kwa kidole

Kaa, kunja goti, kisha pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, kutoka kifundoni kwenda juu. Maumivu yakitanda sentimita 5 au zaidi, endelea na mwongozo huu.

Yakiwa mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole, au yakikuamsha usiku, huenda mfupa una ufa. Acha kukimbia, nenda hospitali. Na eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kutoka safi wakati ufa upo, kwa hiyo maumivu yakiendelea, rudi. Dada ambaye hedhi imekatika tangu aanze mazoezi makali amwambie daktari bila kuona haya. Mifupa yake inaweza kuwa imedhoofika. Mguu unaokaza na kufa ganzi kila ukikimbia nao ni wa daktari.

Hatua ya 2: Punguza

Usikimbie mpaka uweze kutembea hadi kituo cha daladala bila maumivu. Ogelea au endesha baiskeli. Chupa ya maji iliyogandishwa, ikafungwa kwenye kipande cha khanga, dakika 15: inatuliza tu, haiponyi.

Hatua ya 3: Jenga kigimbi

Hapa ndipo watu wanapokwepa. Wanapumzika mwezi mzima, maumivu yanakwisha, wanarudi na kasi ileile, na wiki ya pili wako mlangoni kwangu tena. Kupumzika peke yake hakumwongezei mtu nguvu.

Simama ukingoni mwa ngazi, shika ukuta. Inua visigino ukihesabu mbili, shuka ukihesabu tatu. Seti 3 za 15, siku moja ndiyo, moja hapana. Kisha rudia magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Hapo unaufikia msuli wa ndani wa kigimbi, ambao ndio unaobeba kazi kubwa ukikimbia. Malizia kwa kuegemea ukuta na kuinua vidole vya miguu, visigino vikiwa chini.

Ikiwa rahisi, hamia mguu mmoja mmoja. Mimi simruhusu mtu kurudi mbio ndefu kabla hajainua kisigino mara 25 kwa mguu mmoja. Wananinunia, lakini ndiyo hivyo. Maumivu ya 3 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, yanayotulia kufikia asubuhi yanavumilika, yakizidi, punguza. Ukitaka kuchuliwa, kichuliwe kigimbi, mfupa uachwe.

Hatua ya 4: Rudi barabarani

Kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8, usifululize siku. Ongeza muda kwanza, kasi baadaye. Fupisha hatua: hesabu unapiga ngapi kwa dakika, ongeza asilimia 5. Wa 160 alenge 168.

Mchanga wa Coco Beach unadanganya. Karibu na maji umeinama, mguu mmoja unakuwa chini. Juu kidogo ni tifutifu na kigimbi kinachoka mapema. Pembeni mwa lami nako kumeinama. Tafuta tambarare, na milima ya Chuo Kikuu pale Mlimani iache kwanza.

Viatu vya mtumba vya soko la Karume sina ugomvi navyo. Kiweke kiatu mezani, kitazame kwa nyuma. Kikilalia upande mmoja, kirudishe kwa muuzaji kabla hujaanza kupatana bei.