Dell OptiPlex 7010 ya zamani usiitupe, badilisha prosesa tu

Wakuu kama una ile Dell OptiPlex 7010 ya mtumba yenye prosesa ya i3 na inakukalisha dakika nzima kufungua brauza, kabla hujaenda kununua mashine nyingine jua soketi yake (pale prosesa inapokaa kwenye bodi) ni LGA 1155 kwahiyo prosesa ya i5-3470 inaingia vizuri, hata i7-3770 inaingia, unatoka viini (cores) 2 unaenda 4. Ila usidanganywe na muuzaji akakupa i7-4770, hiyo soketi yake ni 1150, haikai hata uilazimishe vipi. Na i7-3770K usiiongezee hela, hiyo K ni ya kupandisha spidi na madabodi ya mashine hii haitakuruhusu.

Kabla ya kufungua ingia BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) uweke toleo jipya ukiwa bado na prosesa ya zamani. Halafu washa mashine dakika kumi hivi ipate joto ndo uizime na kuchomoa waya wa umeme, ile peisti ya kupitisha joto kati ya prosesa na bati la feni, iliyokauka, inalainika, zungusha feni na bati lake kidogo kidogo kushoto kulia mpaka liachie. Pini ziko kwenye soketi sio kwenye prosesa, nyembamba kama nywele, ukiangusha kitu pale juu umeua bodi, mi niliwahi kupinda mbili nikashinda jioni nzima na sindano na tochi ya simu mdomoni. Peisti mpya weka kama punje ya kunde, basi, sio siagi kwenye mkate.

Ila kama bado uko na hard disk ya kuzunguka anza na SSD (diski isiyozunguka, ya kasi zaidi) kwanza aisee.