Skuli zikifungwa ghafla na nyumbani kuna simu moja: vile tulivyofanya sisi

Mei 2024 skuli zilipochelewa kufunguliwa juu ya mafuriko, kuna jirani alinijia asubuhi mapema hata chai sijanywa, ana watoto wawili na siku ya nne tu ashachoka nao kabisa, akaniuliza dada nyinyi ile ya korona miezi yote ile mliwezaje? Nkacheka. Hatukuweza, tulivuka tu. Lakini kuna mambo tulijifunza kwa kuumia na sioni kwa nini mwingine aumie upya, kwa hivyo hapa naandika nlivyomwambia na mengine nliyokumbuka baadaye.

Kwanza ujue tulikuwa wapi. Kisauni, Mombasa, nyumba ya Kiswahili ya kupanga, vyumba vyetu viwili, uwani na choo twatumia na majirani. Watoto watatu, mkubwa darasa la sita, wa kati Gredi ya 4, mdogo PP2, yani chekechea. Baba yao alikuwa hoteli za upande wa Bamburi na mimi napika mahamri na mbaazi asubuhi. Jumapili tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru akatangaza skuli zifungwe, tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa hakuna kutoka hakuna kuingia. Wageni wakaisha hotelini, baba watoto akaambiwa akae nyumbani ataitwa. Watu watano siku nzima, vyumba viwili, mshahara hakuna.

Sasa jambo la kwanza kabisa: usiwaambie watoto tarehe usioijua. Mimi nliwaambia mwezi mmoja tu mtarudi, wa kati akapanga begi lake akaliweka nyuma ya mlango, kila asubuhi analiangalia. Mwezi ukapita. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu Magoha akasema mwaka wote wa 2020 umefutwa, mitihani ya KCPE (darasa la nane) na KCSE (kidato cha nne) hakuna mwaka huo, skuli ni Januari 2021. Yule mtoto alilia kama kafiwa. Na sisi tulikuwa na afadhali, Uganda walikaa mpaka Januari 2022. Kwa hivyo mtoto akiuliza mwambie sijui, tukijua tutakwambia, alafu mpe kitu cha kushika cha wiki hii. Wiki moja mtoto anaielewa, miezi haielewi.

Kosa langu la pili lilikuwa ratiba. Nlinunua karatasi ya manila nikachora mistari kwa rula, Hisabati saa mbili, Kiingereza saa mbili na dakika thelathini na tano, mpaka brek niliweka, yani nilitaka kuhamisha skuli nzima niilete uwani. Ilidumu siku tatu. Siku ya nne ile manila ilikuwa imefunika sufuria ya mbaazi isiingie nzi, na wala sikuirudisha ukutani. Kilichofanya kazi ni vipande viwili tu vya siku. Cha kwanza baada ya chai, kama saa mbili mpaka saa tatu na nusu kabla jua halijaingia uwani, hapo ni madaftari na kalamu na hakuna mjadala. Cha pili baada ya alasiri, kusoma tu, kitabu chochote, nusu saa. Hapo katikati waache, watacheza, watagombana, watachota maji, watalala. Ramadhani ilipoingia mwisho wa Aprili tukasongeza, wale wakubwa wanaofunga wakawa wanafanya hesabu baada ya swala ya alfajiri kabla ya kurudi kulala, kichwa bado kina nguvu ya daku. Usishikilie saa, shikilia kwamba kila siku lazima ifanyike hata ikiwa kidogo. Siku moja ukiacha ni rahisi, siku tatu ukiacha utaanza upya na vita.

Haya tuje kwa simu, manake hapa ndo nyumba nyingi zinavunjika. Sisi ilikuwa simu moja ya kugusa, ya baba, na akitoka inatoka naye. Walimu wakafungua magrupu ya WhatsApp, kazi zinatumwa kwa picha, wengine wanatuma video, na kati ya kazi na kazi kuna wazazi wanatuma maua ya asubuhi njema na dua na video za kutibu korona kwa tangawizi, bando la shilingi hamsini linaisha saa tano hujaona hata swali moja. Cha kufanya ingia setingi za WhatsApp, tafuta pale pa storeji na data, zima picha na video zisijidaunlodi zenyewe. Hapo utafungua tu ile picha ya mwalimu. Alafu mtoto anakili maswali yote kwa daftari, unazima data, simu inarudi kwa mwenyewe. Kunakili nlidhani ni kupoteza wakati lakini mwandiko wa mkubwa wangu ulinyooka mwaka ule kuliko miaka yote.

Na ni nani anaanza? Usiseme mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Anaanza yule ambae kazi yake haiwezekani bila simu, mwenye kitabu anangoja. Tuliweka sheria simu haitoki mezani, na meza ipo mlangoni napita mimi na kila mtu, sababu nlishamkuta wa kati "anasoma Sayansi" kumbe ni wanasesere wanafungua zawadi wanazungumza Kiingereza cha Marekani. Sikumchapa, nlicheka, lakini meza ikahamishwa.

Kama una kabambe tu, ile simu ndogo ya vitufe, usijione umeachwa. Wakati ule kulikuwa na Shupavu 291, unabonyeza *291# kwa laini ya Safaricom na masomo yanakuja kwa meseji. Na redio, jamani redio watu wanaidharau. KICD, wale wa serikali wanaotunga mitaala, walikuwa wanarusha masomo kupitia redio za KBC, na wenye runinga walikuwa na chaneli ya masomo ya EduTV. Shida ya redio ni kwamba haimngoji mtoto, mwalimu anasema andikeni, mtoto bado anatafuta kalamu, mwalimu ameshasonga. Dawa yake kaa na wao dakika kumi za mwanzo hata kama unachambua mchele, na kipindi kikiisha uliza maswali matatu tu, amesema nini, hukuelewa wapi, hebu nifundishe mimi. Hilo la tatu ndilo kubwa. Mimi niliishia darasa la nane na siku nyingi sikujua jibu, na nikawaambia sijui. Mtoto akiona mama hajui anafurahi, anafundisha kwa bidii mpaka anaelewa mwenyewe. Pia mkubwa alimfundisha mdogo kusoma herufi, nilikuwa namlipa haamri moja la ziada, hio biashara ilienda vizuri.

Hesabu zilizoingia zaidi zilitoka jikoni. Asubuhi moja nlimwambia mkubwa njoo uandike gharama, nikamtajia: unga pakti ya kilo mbili tuseme 130, sukari robo 30, nazi 30, hamira na iliki 20, mafuta 100, makaa 50. Akajumlisha, 360. Nimekata mahamri sabini, nauza shilingi tano tano. Akapiga, 350. Akaangalia daftari, akaniangalia, akasema mama, kwani sisi twauza hasara? Wallahi nilikaa kimya. Miaka nauza na sikuwahi kuweka makaa kwenye hesabu. Kesho yake tukakata themanini, kila moja likapungua kidogo tu, 400, faida arubaini. Toka siku ile daftari la mahamri likawa lake na hajawahi kuniuliza hesabu zina faida gani. Wewe si lazima uuze chochote, chukua tokeni za stima, chukua mitungi ya maji ya mkokoteni, mtungi bei gani, kwa siku mingapi, kwa mwezi ngapi, tukioga kwa kopo tutaokoa mingapi.

Kuandika vile vile. Bibi yao yuko Msambweni na njia imefungwa, hatuwezi kwenda na hawezi kuja. Kila Ijumaa kila mtu alikuwa anamwandikia barua, alafu jioni tunapiga simu na anasomewa. Hazikupostiwa, zilisomwa tu. Mdogo alikuwa anachora kisha anaelezea mchoro kwa simu, bibi anajibu nimeuona mjukuu wangu, mzuri sana.

Kuhusu nafasi na kelele, sitadanganya, hakuna siri. Tulitundika leso mbili kwa kamba tukapata kama kichumba cha pembeni, na kila mtu ana saa yake ya kukaa humo peke yake bila kusemeshwa, pamoja na mimi. Hasa mimi. Na majirani ongeeni mapema, manake watoto wa nyumba ya Kiswahili huwezi kuwafungia, ukimfungia wako mlangoni yule wa pili ameshampitia dirishani. Sisi kina mama wanne tulikubaliana nyumba yetu ni kama familia moja, wanacheza uwani humu humu, hawatoki kwenda nyumba nyingine, ndoo ya mfereji na sabuni ikae mlangoni kila anaeingia anaosha, na mwenye kikohozi anakaa kwake bila kuonewa haya. Hili la haya ni muhimu, wakati ule mtu akikohoa anatazamwa kama mwizi, matokeo yake wanaficha.

Wenye wasichana wakubwa nawaomba hapa msisome haraka. Skuli si masomo tu. Skuli ndipo wasichana wengi walikuwa wanapata sodo za bure za serikali, zikifungwa zinakatika, na msichana anaona haya kumwambia baba asie na kazi nataka sodo. Anaeona ile shida ni yule wa dukani au wa bodaboda, anampa mia, na mia hio si ya bure. Mtaani kwetu tuliona mimba, na waliolaumiwa ni wasichana. Kwa hivyo weka hela ya sodo kwenye hesabu ya unga, hesabu moja, si ziada. Na ukimtuma dukani jua amechukua muda gani na usimtume magharibi. Mwambie waziwazi mtu akikupa kitu niambie, sitakupiga. Na usimpige kweli, la sivyo hakuambii tena.

Sasa wewe mzazi. Mume wangu alikuwa mtu mpole lakini mwanamume akizoea kutoka saa kumi na mbili asubuhi, umuweke ndani miezi mitatu bila shilingi, anageuka. Kijiko kikianguka ni kelele. Tulikuja kugundua watoto wanakosea zaidi siku ambazo landlord amepita. Makosa yalikuwa yale yale, sisi tu ndio tulikuwa na hasira za kodi. Basi tukawa na ishara, mmoja akiona anapanda anasema naenda kuangalia bahari, hata kama anaishia pale kwenye kibaraza cha jirani. Mwingine anabaki na watoto na haulizi. Na mpe baba somo lake maalum, usimuache akae tu kama mgeni. Wetu aliwafundisha Kijerumani cha hotelini, kuhesabu na salamu, mpaka leo mdogo akikuona anakwambia guten Morgen.

Kurudi skuli kuna kazi yake pia. Kwetu hawakurudi pamoja, 12 Oktoba 2020 waliitwa Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne peke yao, wengine wakangoja mpaka 4 Januari. Wa kati akavaa yunifomu akaenda, mkubwa akabaki akimwangalia, na hio ilimuuma kuliko kufungiwa kwenyewe. Isitoshe alikuwa ameshaanza kuuza barakoa na sanitaiza stejini na kijana mmoja, ana hela yake mfukoni, anauliza skuli ya nini. Tukamkalisha na daftari lake la mahamri, tukamuuliza wateja wa barakoa watakuwepo mpaka lini, akapiga hesabu mwenyewe. Tulimwachia auze Jumamosi. Ukimnyang'anya yote anatoroka.

Wiki mbili kabla ya kufungua anza kuwalaza mapema. Siku skuli zinafungwa hakikisha vitabu vyote vinarudi nyumbani, vya wenzetu wengi vilifungiwa madawatini miezi tisa. Na kabla ya ile wiki ya mwisho toa yunifomu uwavalishe, viatu hasa. Sisi tulikumbuka Jumapili usiku, miguu ya mkubwa haiingii hata kwa mafuta, Jumatatu akaenda na vya baba yake vya hotelini vyeusi, vimejazwa gazeti mbele.