Jinsi ya kupima macho ya mchezaji aliyegongwa kichwa

Wachezaji wawili wa ndondo, soka la mtaani, wakigongana vichwa pale Temeke, benchi huuliza: "Vipi, uko fiti?" Swali hilo halina faida; nani anataka kutolewa? Mtikisiko wa ubongo mara nyingi huvuruga mawasiliano kati ya macho, sikio la ndani na ubongo, na hayo yanapimika.

Kwanza mtoe, na asirudi uwanjani siku hiyo. Akitapika tena na tena, akipata degedege, akisinzia ovyo, mkono ukilegea, shingo au kichwa kikizidi kuuma, usipime chochote. Hospitali mara moja.

Vipimo vyenyewe (VOMS, kifupi cha Kiingereza cha uchunguzi wa sikio la ndani na mwendo wa macho, vilivyochapishwa Marekani mwaka 2014) mimi huvifanya kliniki, mchezaji akiwa ametulia, si pembeni ya uwanja akihema juani.

Hatua ya 1. Muulize maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ukungu kichwani, kila kimoja alama 0 hadi 10. Rudia baada ya kila hatua. Alama ikipanda kwa 2 au zaidi, hapo pana tatizo, hata kama macho unayaona mazima.

Hatua ya 2. Kaa mbele yake, kidole chako sentimita 90 kutoka usoni. Kipeleke polepole kulia na kushoto, kisha juu na chini. Afuate kwa macho tu.

Hatua ya 3. Vidole viwili, kimoja kila upande. Macho yaruke toka hiki hadi kile haraka, mara 10. Kisha wima.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Andika herufi ndogo kwenye kijiti cha aiskrimu, akisogeze mwenyewe kuelekea puani. Herufi kufifia si hoja. Asimame anapoona mbili, au wewe unapoona jicho moja limekimbilia nje. Pima kwa rula toka ncha ya pua, mara tatu. Kuanzia sentimita 6, si kawaida. Wengi wa hawa ndio wanaolalamika kwamba kusoma simu kunawaumiza kichwa.

Hatua ya 5. Weka programu ya mdundo, mapigo 180 kwa dakika. Macho yabaki kwenye herufi, kichwa kigeuke digrii 20 kila upande, mara 10; subiri sekunde 10 ndipo uulize. Rudia juu na chini.

Hatua ya 6. Asimame, anyooshe mkono, akazie macho kidole gumba, ageuke mwili mzima digrii 80 kila upande, mapigo 50 kwa dakika, mara 5. Simama karibu, asianguke. Muulize pia kama daladala zilikuwa zinamchefua hata kabla ya kuumia, maana mtu wa hivyo alama zake hupanda tu.

Vipimo vikiwa safi, usimpigie kocha simu bado. Mazoezi yanapandishwa ngazi kwa ngazi, angalau saa 24 kila ngazi, na mazoezi ya kugongana yasubiri ruhusa ya daktari.