Kabla ya kununua maordinatere, muulize patro anatafuta nini

Bandugu ba Lubumbashi, kabla ya kununua ordinatere ata moja, ikaleni na patro mumuulize mwaka huu kampuni inatafuta nini. Jibu andika juu ya karatasi, chini yake weka programu gani itasaidia, nani ataitumia, itakula makuta ngapi, na umeme ikikatika mutafanya je, juu bila batri yote ni bure. Tuseme munaleta mizigo kupitia mupaka ya Kasumbalesa, shida yenu ni kujua kamyo iko wapi na stoki imebakia ngapi, haiko sayiti ya internet ya kupendeza! Mutu wa ordinatere aikale mu mukutano ya budje tangu mwanzo, naye anaweza kuonyesha soko yenye patro hakuiona. Kila myezi tatu murudilie ile karatasi.