Tredmili ya mazoezi ya milima na ultra: anza na mwinuko, spidi baadaye

Watu wengi wakitaka kununua tredmili swali la kwanza ni inafika spidi ngapi, na kama unajiandaa na ultra za milimani (mbio ndefu kuliko marathoni) hilo swali halikusaidii kabisa, spidi ya kilomita 20 kwa saa hutaigusa. Chukua UTMB, ile ultra ya kuzunguka mlima Mont Blanc huko Ulaya, ni kilomita 170 na kitu na kupanda karibu mita 10,000, ukichukulia nusu ya njia ni ya kupanda inakuja wastani wa asilimia 12 hivi, na huo ni wastani tu, vipo vipande vikali kuliko hapo. Sasa mashine inayoishia 10 utaifanyia nini?

Nyingi za nyumbani zinaishia asilimia 15, hapo kila kilomita moja unapanda karibu mita 150, yani mita 1,000 ni kama kilomita 7. Zipo za kupandia tu zinazofika 40, hiyo elfu inaisha kabla ya kilomita 3, ila ni nzito na ghali. Mi naona 15 ya kweli inatosha wengi. Nasema ya kweli kwa sababu mashine nyingine zinaandika "levo 15" na levo sio asilimia! Pima mwenyewe: pandisha mpaka mwisho, weka alama mbili sakafuni pembeni ya fremu ziachane sentimita 100, pima kimo cha fremu juu ya kila alama kwa futi ya fundi, tofauti ya vimo hivyo ndo asilimia yako.

Halafu dari, hii watu wanaisahau mpaka mzigo umeshaingia ndani. Mkanda wa sentimita 150 ukiwa kwenye 15 mbele inanyanyuka kama sentimita 22, jumlisha kimo cha mashine yenyewe kutoka chini, kimo chako, na nafasi ya kuruka kidogo ukikimbia, utashangaa kichwa kimefika wapi.

Mota usiangalie namba kubwa ya kwenye boksi, hiyo mara nyingi ni nguvu ya muda mfupi tu, uliza ile inayotoa muda wote, ikifika nguvu ya farasi 3 (HP) uko vizuri. Na kuna mota ya pili, ya kunyanyulia, kwenye milima ndo inayoteseka, hakikisha waranti inaitaja. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa nao ujumlishe begi na maji yako, usijipime mwenyewe tu.

Kuteremka ndo kunakoua mapaja kwenye ultra, na mashine chache zinainamia mbele kama mteremko, mara nyingi asilimia 3 mpaka 6 tu. Ukiipata ichukue, usipoipata nenda katafute mteremko wa kweli nje, tafadhali usiinue nyuma ya mashine kwa kuweka matofali chini yake, fremu haikutengenezwa kwa hilo na ukidondoka utaumia vibaya.

Kabla hujalipa omba kuijaribu, vaa begi lako, weka mwinuko wa mwisho, tembea haraka dakika 20 bila kushika vishikio (ukishika unajibeba kwa mikono na miguu haipati kazi). Sikiliza kama mkanda unakwama unapokanyaga, na kama fremu inayumba, achana nayo.