Jinsi ya kuingiza watu wa mtaa kwa data ya serikali (si kuwaita tu wakunywe soda)

Ile mikutano ya ushirikishaji wa umma unajua vile huenda, watu wanaitwa saa tatu, mkubwa anafika saa tano, projekta inaonyesha namba zenye hata aliye mbele hasomi, soda, sahihi, kila mtu nyumbani. Hapo mlihesabiwa tu.

Anzeni na data moja inayowauma. Kwetu Nyalenda, hapa Kisumu, ilikuwa maji. Usiombe "data ya kaunti", utazungushwa, omba ofisi ya maji orodha ya vituo vya maji vya wadi yako, kila kimoja kiko wapi na kinatoa maji ama la. Barua ya Kiswahili inakubalika, na sheria ya Kenya ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu, kuomba ni bure ila pesa ya kopi unaweza kuitishwa. Wakikuuliza unaitakia nini si lazima useme. Beba barua mbili, moja igongwe muhuri wa tarehe urudi nayo, hapa ndo wengi huteleza kwa sababu bila muhuri hizo siku 21 zinahesabiwa kutoka wapi? Wakinyamaza, enda kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko ya watu dhidi ya ofisi za serikali.

Ukiipata usiifungie kwa laptopu. Print maandishi makubwa, bandika pale watu husimama, biro ifungwe na kamba (ya kwanza yetu iliibiwa kabla ya saa sita). Kesho yake mama mmoja wa kuuza maji akaandika kando ya laini iliyosema bomba linafanya kazi, "hii imekauka tangu Krismasi". Jirani yake akaandika chini, "uongo, ni tangu Oktoba". Wakaanza kubishana hapo na mitungi kichwani, na wewe kazi yako ni kuandika tu.

Baraza ifanyeni jioni, asubuhi utapata wenye nyumba peke yao na watawasemea wapangaji. Chifu ajulishwe lakini asishike maiki. Kubalianeni nani anaruhusiwa kurekebisha orodha, mara ngapi, na kitu gani hakiandikwi kabisa. Hii ya mwisho msiikimbize. Kijana wetu mmoja, mtu wa kompyuta, alitaka kuonyesha pia nyumba zinazovuta maji kwa njia za panya, tukamkatalia, hiyo ni kuwasaliti majirani. Majina na namba za simu pia zikae nje, kuna sheria ya kulinda data ya 2019.

Halafu cheza na kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, kwa hivyo orodha yenu iliyorekebishwa iwe mezani kwa ofisi ya maji Julai, nakala kwa MCA (mwakilishi wa wadi yenu kwa bunge la kaunti), na muhuri tena.

Baada ya miezi mitatu omba orodha upya. Angalia kwanza laini ya yule mama.