Mrija na maji kabla ya kwaya

Wanakwaya, kabla ya mazoezi chukua mrija wa soda, uzamishe sentimita 2 hivi kwenye glasi ya maji, uimbe "uuu" kupitia humo: panda taratibu, shuka, dakika 2 au 3. Mapovu yatoke mfululizo. Yakikatikakatika, pumzi imeyumba. Maji yanazuia hewa kidogo, msukumo unarudi kooni, nyuzi za sauti zinatetema bila kugongana kwa nguvu. Noti za juu zinakuja bila kukaza shingo (waimbaji wa sauti ya kwanza, yaani soprano, mtanishukuru). Bana pua: mlio ukibadilika, hewa inavujia huko na zoezi halifanyi kazi. Ukizamisha mrija sana utaanza kusukuma hewa kwa nguvu. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, muone daktari wa masikio, pua na koo.